Bi Rudisha wa Lango la Wafanyakazi

Leo ni Jumanne, tarehe kumi na mbili Juni. Asubuhi hii tumeamka na ukungu mzito, ule wa kunyoosha mkono usione vidole. Ndege za alfajiri zimechelewa kuondoka, na moja iliyotoka mbali imezunguka angani mpaka rubani alipoiona njia. Kwa hiyo kama una mgeni wa kumpokea, usikimbie. Kunywa chai yako taratibu, na ukae na sisi.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mama mmoja aliyefanya kazi uwanja wa ndege kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Wenzake walimwita Bi Rudisha. Jina hilo alipewa kazini, na Jumamosi iliyopita amezikwa nalo.

Bi Rudisha alikuwa mkaguzi wa mizigo. Tuliweke hilo wazi tangu mwanzo. Ni yule mtu anayekaa mbele ya kioo cha mashine, begi lako linapita kwenye mkanda, naye anaona yaliyomo ndani. Alipotilia shaka kitu, alimwambia mwendesha mkanda neno moja tu: "Rudisha." Mkanda unarudi nyuma, begi linapita upya. Abiria walinuna. Wengine walitazama saa kwa makusudi ili awaone. Yeye hakujali.

Tulipokwenda kuhani, familia ilituomba tusimseme kama malaika. Mume wake, fundi wa majokofu, alituambia hivi: "Semeni yote. Mke wangu alikuwa mtu mwema na mtu wa sala. Lakini alikuwa na shaka, na shaka ile ilimfuata mpaka nyumbani. Hata nikimletea zawadi, anaipima uzito kwanza, kisha anauliza risiti. Hayo niliyacheka. Ila ilipomgusa ndugu yangu, sikucheka tena."

Ndugu anayetajwa ni mdogo wa huyu fundi. Kwa Bi Rudisha alikuwa shemeji. Habari ya leo ni ya hao wawili, mkaguzi na shemeji yake.

Bi Rudisha alipoanza kazi, uwanja ulikuwa jengo moja la bati na mzani mmoja wa sindano. Yeye alikuwa mfagiaji. Mizigo ilikaguliwa juu ya meza, kwa mikono, na abiria alifungua sanduku lake mwenyewe huku akiona haya kwa sababu ya nguo zake za ndani. Ndege zilikuwa chache, na kila ikitua, watu walitoka maofisini kuitazama.

Kisha ndege zikaongezeka. Jengo jipya likajengwa, la vioo, lenye mikanda ya kusafirisha mizigo chini kwa chini. Ajira zikafunguka ambazo watu hawakuwa na majina yake. Wakahitajika wapakiaji, na madereva wa trekta za kuvuta mabehewa ya mizigo. Wakahitajika watu wa mafuta, wapishi wa vyakula vya ndege, waongozaji wanaosimama mbele ya ndege na vijiti viwili vya rangi. Bi Rudisha akajiandikisha masomo ya jioni. Alitoka kufagia, akaenda darasani na sare yake ile ile, akakaa mbele ili asisinzie. Alikuwa mama wa watoto tayari. Kabla ya mtihani wa ukaguzi alipiga magoti kando ya kitanda akaomba sala fupi. Binti yake mkubwa anaikumbuka: "Alisema, Mungu wangu, nipe macho. Basi. Akainuka akaenda."

Alifaulu. Akapewa kiti mbele ya kioo. Naye ndiye aliyemwambia shemeji yake kwamba wapakiaji wanatafutwa. Shemeji akaenda, akapata kitambulisho cha muda. Asubuhi walikuwa wakiondoka pamoja, yeye na shemeji, wakitaniana njia nzima. Majirani walidhani ni dada na kaka.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, likaingia jambo. Mabegi ya abiria yakaanza kufika yamechanwa. Yamechanwa ubavuni, mchano mrefu, kama wa kitu chenye makali. Vitu vilipotea. Abiria walilalamika, wakubwa wakakasirika, na kila mpakiaji akawa mtuhumiwa. Mtu akienda chooni, anahesabiwa dakika. Mtu akinunua viatu vipya, anaulizwa amevipata wapi. Watu waliokuwa wakila pamoja wakaanza kula mbalimbali.

Katika siku hizo, asubuhi moja, Bi Rudisha alipangiwa lango la wafanyakazi. Ni mlango wa nyuma, ambapo kila anayeingia kazini hukaguliwa begi. Mashine ya zamani ya pale ilikuwa imekufa, mafundi wakaleta nyingine kutoka ukumbi wa abiria, wakaiunganisha mbiombio kwa sababu zamu ilikuwa inaingia. Foleni ilikuwa ndefu. Shemeji akafika.

"Shemeji, usinicheleweshe," alisema. "Msimamizi wangu leo ana kisirani."

"Weka begi upite," Bi Rudisha akamjibu, anacheka.

Begi likaingia. Akaona chombo cha chakula. Akaona sweta. Na juu ya sweta akaona kisu. Ubapa wa kisu ulikuwa mpana, wa rangi ya bluu, kwa maana mashine huonyesha chuma kwa rangi hiyo. Alikiona waziwazi.

Sheria ni moja. Mkaguzi akiona silaha, anabonyeza kitufe chekundu kilicho mbele yake. Anabonyeza kwanza, maneno baadaye. Mkono wa Bi Rudisha ulikwenda kwenye kitufe. Ukasimama. Akibonyeza, walinzi wanakuja, jina linaandikwa, na kitambulisho kinavuliwa shingoni hapo hapo mbele za watu. Alimfikiria mume wake. Alimfikiria mama mkwe wake, aliyekuwa hai wakati huo, aliyempenda huyu kitinda mimba wake kuliko macho yake. Mkono ukarudi pajani.

Hakubonyeza. Hilo ni muhimu, mlishike. Alimwita mwenzake wa kiti cha jirani, akamwambia, "Nishikie hapa," akainuka, akaenda mwisho wa mkanda kulipokea begi yeye mwenyewe. Akalifungua. Chombo cha chakula kilikuwemo. Sweta lilikuwemo. Kisu hakikuwemo.

"Unatafuta nini humo, shemeji?" yule kijana akamwuliza. "Kama ni chakula, sema tugawane." Watu wa kwenye foleni wakacheka.

"Hakuna kitu," alisema Bi Rudisha. "Pita."

Akapita. Na alipopita, aliinama akafunga kamba za buti.

Basi, wasikilizaji, kuinama kule ndiko kulikomwingia kichwani. Buti. Amekiweka kwenye buti. Lakini lini, na mimi nilikuwa namtazama? Labda amempa aliyekuwa nyuma yake. Kwa nini aliyekuwa nyuma yake alicheka kuliko wengine? Kuanzia siku hiyo kila alichofanya shemeji kilikuwa na maana ya pili. Akiuliza ndege fulani inatua saa ngapi, anauliza kwa nini? Akinyamaza, anaficha nini? Akileta matunda nyumbani, ameyanunua kwa pesa gani? Watoto wa Bi Rudisha walizoea kulala kwa baba yao mdogo siku za mapumziko. Wakakatazwa, bila sababu. Kabati la chumbani likapata kufuli.

Hakumwuliza shemeji. Hakumwambia mume. Alijisemea kwamba anamfichia aibu. Aliamini anamtendea wema.

Ukafika wakati wa vitambulisho vya kudumu. Utaratibu ulikuwa kwamba kila wa muda adhaminiwe na mfanyakazi wa kudumu anayemfahamu, asimame ofisini aseme mtu huyu namjua. Shemeji hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuja nyumbani, akaketi, akaiweka fomu mezani.

"Shemeji, ni sahihi yako tu."

"Iache hapo, nitaiangalia."

Fomu ikakaa juu ya jokofu. Ikakaa. Mume akaisogeza mara mbili ili aione. Siku ya mwisho ilipokaribia, shemeji akarudi.

"Kesho wanafunga, shemeji."

"Tafuta mtu mwingine."

"Nitafute nani, na wewe upo?" Akamtazama. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi kuna nini?"

"Tafuta mtu mwingine," alisema Bi Rudisha, akaenda jikoni, akafungua maji ingawa hakukuwa na chombo cha kuosha.

Shemeji alitafuta. Hakupata. Hebu fikirini wenyewe. Mke wa kaka yake ni mkaguzi, anaona ndani ya mabegi ya watu, na amekataa kumdhamini. Mwingine ataanzia wapi? Wapakiaji wenzake walimwambia bila kumficha: "Bwana, kama shemeji yako hakutaki, sisi tunajua nini?" Kitambulisho cha muda kikaisha. Akatolewa ndani. Kazi aliyopata ni ya nje, kwenye maegesho, kukusanya vitoroli vya abiria na kuvisukuma kwa msururu mpaka mlangoni. Mlangoni, si ndani. Wenzake alioanza nao walipanda, wakawa madereva wa trekta, wakawa wasimamizi. Yeye wakamwita Bwana Toroli. Lilikuwa jina la kejeli, kisha watu wakasahau kwamba ni kejeli.

Shaka haikukaa upande mmoja. Bwana Toroli naye alishuku. Aliamini shemeji yake hataki mtu mwingine wa ukoo avae kitambulisho kama chake. Na fundi wa majokofu, mume, alishuku pia. Alituambia bila kuzunguka: "Nilijiuliza kama mdogo wangu alimtamkia mke wangu neno baya. Au neno zuri mno. Niliwaangalia wote wawili kwa jicho la pembeni, miaka. Mungu anisamehe."

Sasa sikilizeni hili. Haikupita miezi mingi, mafundi wa mikanda wakagundua kilichokuwa kinachana mabegi. Hakikuwa kisu cha mtu. Lilikuwa bati la chuma pembeni mwa mkanda mpya, lililofungwa vibaya, likaacha ukingo wenye makali. Kila begi pana lilipita hapo likachanika, na vitu vilivyopotea vilikuwa vimeangukia chini ya mkanda, vimejaa vumbi. Uwanja mzima ukacheka kwa aibu. Watu wakarudi kula pamoja.

Bi Rudisha hakurudi. Alijiuliza: sawa, bati lilichana mabegi, basi kile kisu kilikuwa cha nini? Ikawa mbaya zaidi. Mwanzo alimshuku shemeji kwa wizi, na wizi una kipimo. Sasa hakujua anamshuku kwa nini.

Binti yake alituambia jambo. Kila jioni mama alisali kwa sauti ya chini, akitaja watu wa ukoo mmoja mmoja. "Akifika kwa baba mdogo analiruka jina lake. Sisi watoto tulijua. Tulikuwa tunasubiri aruke."

Miaka ikaenda. Uwanja ukaongeza njia ya pili ya kurukia. Chuo kidogo kikafunguliwa pembeni, cha kufundisha wakaguzi, na wakongwe wakaitwa kufundisha. Bi Rudisha akaitwa. Mwenzake yule wa kiti cha jirani akaitwa pia. Huyu alikuwa mwanamke mcheshi, wote walimwita Jirani, kwa ajili ya hicho kiti.

Siku moja Jirani alikuwa anafundisha, Bi Rudisha ameketi nyuma anasubiri kipindi chake. Jirani akawaeleza wanafunzi kwamba mashine za ukumbi wa abiria hudanganya kwa makusudi. Begi la kweli linapita, na mashine inachomeka ndani yake picha ya silaha ambayo haipo. Ni mtihani. Mkaguzi akibonyeza kitufe chekundu, kioo kinamwandikia kwamba ile ilikuwa picha tu, na amefaulu. Asipobonyeza, kinamwandikia kwamba amekosa. Waliokosa sana walirudishwa darasani. Lango la wafanyakazi halikuwa na mtihani huo kabisa.

"Lakini msiogope kukosa," Jirani akawaambia. "Hata mwalimu wenu huyo hapo nyuma, macho manne, aliwahi kukosa."

Wanafunzi wakageuka. Bi Rudisha akatabasamu. "Lini hiyo, Jirani? Usinisingizie."

"Kwenye lango la wafanyakazi. Siku ile mashine ya pale ilipokufa, wakatuletea ya ukumbini, tena bila kuizima mitihani yake. Wewe ukainuka ukaniachia kiti. Nakaa tu, kioo kinaandika: umekosa. Nikafuta haraka kabla msimamizi hajaona. Ningekuacha uaibike?"

Bi Rudisha akasimama. "Ilikuwa picha ya nini?"

"Sasa hiyo nani anakumbuka?"

"Kumbuka, Jirani."

Jirani alituambia kwamba uso wa rafiki yake ulimtisha. Akafikiri. "Kisu," alisema. "Iliandika, umekosa kisu."

Bi Rudisha hakufundisha siku hiyo. Alitoka na sare, akapita ukumbini, akavuka mpaka kwenye maegesho. Akamkuta Bwana Toroli anasukuma msururu wake. Akamweleza yote hapo hapo, wakitembea, kwa sababu yule bwana hakusimama. Jirani alikuwa amemfuata nyuma, ndiyo maana tunayo maneno yao.

"Miaka yote hii," alisema Bwana Toroli, "ulidhani nina kisu?"

"Nilikiona, shemeji."

"Na hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Ungebonyeza tu, wangekuja walinzi, wangenipekua, wangekosa, ningeingia kazini." Alisukuma. "Ulinionea huruma."

Bi Rudisha akaanza kulia. Bwana Toroli akatazama mbele.

"Pisha, shemeji. Kuna abiria."

Wiki ile ile Bi Rudisha alikwenda ofisini akasimama mdhamini. Alieleza kosa lake mbele ya wakubwa bila kujificha. Bwana Toroli, mvi zimeshaingia, akapata kitambulisho, akafundishwa, akapewa trekta ya kuvuta mabehewa ya mizigo. Alifanya kazi yake vizuri. Lakini hakukanyaga nyumbani kwa kaka yake. Hakushukuru, hakutukana. Akiulizwa, alijibu, "Mnajuaje kama safari hii anasema kweli? Labda kuna kingine alichokiona." Naye sasa alikuwa akishuku hata msamaha aliokuwa anaombwa.

Bi Rudisha hakuchoka. Jioni hakuruka tena jina lake. Alilitaja la kwanza. Alimpelekea salamu kupitia kwa watoto, kwa kaka, kwa Jirani. Alitaka kitu kimoja tu duniani, shemeji aje aketi nyumbani kwake kama zamani. Mwaka uliofuata akaugua. Hospitalini, kila mlango ukifunguka aligeuza kichwa. Siku moja mchana Bwana Toroli alikuja, na sare yake ya kazi. Akasimama mlangoni. Mgonjwa alikuwa amefumba macho. Akamwuliza muuguzi hali yake, akaambiwa, akaondoka. Jioni binti alipofika, mama alimwambia, "Baba yako mdogo alikuja. Nilikuwa macho. Niliogopa nikifumbua ataondoka."

Siku chache baadaye alifariki. Hawakuwa wamesemezana tena.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kipindi hiki tunampa pole fundi wa majokofu, watoto, Jirani, na wote wa uwanja wa ndege, kuanzia wafagiaji mpaka wanaokaa mnarani. Mungu ampokee mama yetu, amlaze pema. Wapo leo vijana wengi wanaopigania kazi pale uwanjani, na ni kazi nzuri, tuwaombee wazipate. Na wewe unayesikiliza, huenda kuna mtu wa nyumbani mwako uliona kitu kwake, au ulidhani umeona, na hukumwuliza. Umekibeba. Mtafakari mtu huyo leo. Yupo, na simu yake unayo.

Tunamalizia makaburini, Jumamosi. Kaburi lilipokwisha kufukiwa, msemaji wa familia akauliza kama kuna mwenye neno. Bwana Toroli akapita mbele. Watu wakanong'onezana. Kaka yake akainamisha kichwa, hakujua atasikia nini.

"Sikumsamehe alipokuwa hai," alisema. "Nilimwona analia nikasema anaigiza. Nilisimama mlangoni pale hospitali nikasema kesho. Nimemsamehe leo, na leo hanisikii. Hilo ni langu, nitalijibu kwa Mungu." Akawageukia watoto wa marehemu. "Nyinyi mnanisikia. Jirani, shuhudia. Kaka, shuhudia. Mtu yeyote wa nyumba hii nikimtilia shaka, kubwa au ndogo, nitamwendea mwenyewe nimwulize usoni, siku ile ile. Na jioni ya leo nakuja kukaa kwenu. Naahidi mbele yenu wote."